Okot p'Bitek: aliyepewa jukwaa kisha akanyang'anywa

Katika kitivo chetu Okot p'Bitek anajulikana kwa kitabu kimoja. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika kazi yake juu ya Lawino na mumewe Ocol, anagusa mgongano wa mila na usasa, anapata alama zake, yamekwisha. Hakuna ubaya. Lakini mimi, ambaye kwa miaka miwili sasa naongoza michezo ya kuigiza pamoja na wanafunzi wenzangu hapa Kolwezi, Okot ninayemtafuta ni mwingine: kijana aliyetunga opera akiwa bado shuleni, mcheza ngoma wa Gulu, mkurugenzi wa ukumbi wa taifa aliyerudi kutoka safari ya Zambia akakuta kazi si yake tena. Huyo ndiye nitakayemsimulia, kwa maneno yangu mwenyewe. Mashairi yake yapo, yasomwe yenyewe. Paul Sozigwa alikwisha kututafsiria Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili.

Alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni ya Kiprotestanti na msimulizi mzuri wa hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mcheza ngoma aliyejulikana. Wahakiki hupenda kutafuta ni mshairi gani wa Ulaya au Marekani aliyemfundisha Okot, na ni kweli kwamba shuleni aliupenda utenzi wa Longfellow juu ya Hiawatha. Ila mimi naona mwalimu wa kwanza alikuwa jikoni kwao. Mtoto aliyekua akimsikia mama yake akitunga wimbo wa kumcheka jirani, na kesho yake akausikia wimbo huohuo vinywani mwa watu sokoni, hahitaji kuelezwa darasani maana ya hadhira.

Lugha ya nyumbani ilikuwa Kiacholi. Wanafunzi wa lugha za Kiafrika watakumbuka kwamba hiyo si lugha ya Kibantu, ni ya jamii ya Waluo, na hapa nchini ndugu yake wa karibu ni Kialur kinachosemwa Ituri. Nalitaja hili kwa sababu maisha yote ya Okot yalizunguka jambo moja: Je, neno likitolewa katika lugha yake na kupandishwa jukwaani kwa lugha nyingine, linafika likiwa zima?

Baada ya shule ya Gulu alikwenda King's College Budo, karibu na Kampala, shule ya wana wa wakubwa wa Buganda. Huko mvulana huyu wa kaskazini alitunga opera nzima, akaiita Acan, akaitoa jukwaani pamoja na wenzake. Wanaoandika maisha yake huipa Acan mstari mmoja, kisha wanaharakisha kwenda kwa Lawino. Mtu aliyewahi kuongoza mchezo shuleni hawezi kuupita mstari huo haraka hivyo. Opera ni waimbaji wanaokosa mazoezi, ni mavazi ya kuazima, ni mkuu wa shule anayetaka kujua mapema kuna nini katika onyesho la pili. Anayelimaliza jambo hilo kabla ya kufika miaka 20 amekwisha kujua kitu ambacho vitabu havifundishi, nacho ni kuwafanya watu 30 wafike mahali pamoja saa moja.

Akasomea ualimu, akafundisha karibu na Gulu, akaongoza kwaya. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22, alitoa riwaya ya Kiacholi, Lak Tar, juu ya kijana maskini anayekwenda Kampala kutafuta mali ya mahari na kurudi mikono mitupu baada ya kuibiwa njiani. Kijana yeyote wa Kolwezi aliyewahi kwenda kuchimba ili apate mahari anaijua hadithi hiyo bila kuisoma.

Kisha mpira. Okot alikuwa mchezaji hodari, na mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda, wengi wao wakicheza miguu mitupu. Mechi zilipokwisha, yeye alibaki. Alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na tangu mwaka 1960 alisoma elimu ya jamii na mila huko Oxford. Miaka hiyo ya Uingereza ndiyo iliyomwondoa katika Ukristo wa wazazi wake. Na Oxford ndipo alipopata hasira iliyomdumu: mwalimu wake anaingia darasani na kuwaita watu wa Afrika washenzi na watu wa kale, na yeye Mwacholi amekaa pale na kalamu mkononi. Alilalamika. Neno halikubadilika. Aliandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, na mwaka 1964 alikuwa tayari amerudi kwao.

Kutokana na hasira hiyo kilikuja baadaye kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika macho ya wasomi wa Magharibi. Humo kuna kisa ambacho nadhani kingepaswa kusomwa siku ya kwanza ya kozi yetu ya tafsiri. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakataka kuwauliza nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, la kufanya kitu kitoke pasipo kitu. Wakatumia neno la mfinyanzi: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi. Mapadri wakasisitiza. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba wapo watu waliofinyangwa kweli: wale ambao ugonjwa umewavunja uti wa mgongo wakawa na kibyongo. Na anayefanya hivyo ana jina, ni pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakaandika, na jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Muumba katika sala.

Hilo ni somo la semantiki, lakini tazameni pia kama mwongozaji wa michezo anavyotazama. Kuna aliyekuja na maandishi yaliyokwisha kuandikwa, akawapa watu wengine sehemu za kusema, akangoja mpaka mmoja aliseme jibu lililomo katika karatasi yake. Hayo ni mazoezi mabaya. Nimeyaona mara nyingi.

Kuna kingine kinachotugusa sisi wa Kolwezi moja kwa moja. Mwaka 1964, katika jarida la Transition la Kampala, Okot alikihakiki kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu. Tempels huyo ni wetu: kitabu chake kilitoka Elisabethville mwaka 1945, na katika miaka ya 1950 alikuwa hapa, kati ya wafanyakazi wa migodi, ilipozaliwa Jamaa pamoja na maneno yake matatu, uzima, uzazi na mapendo, ambayo bibi zetu wengine bado wanayo mdomoni. Okot hakuridhika na mtu mmoja kusema kwa niaba ya Wabantu wote. Alitaka msomi aseme juu ya watu fulani, wa mahali fulani, akitaja nani alisema nini. Naona alikuwa na haki juu ya kitabu. Lakini kama angefika Kolwezi akakaa katika mkutano wa Jamaa, akasikia jinsi wachimbaji na wake zao walivyolichukua Kiswahili wakalifanyia kazi mawazo yao wenyewe, sidhani kama angekataa kwamba na wao walikuwa watu fulani wa mahali fulani. Haya ni maoni yangu tu.

Narudi Gulu. Alipewa kazi katika idara ya Makerere iliyopeleka masomo kwa watu wasio wanafunzi wa chuo. Wengine wangefungua darasa la jioni. Okot, pamoja na rafiki zake, akajenga Tamasha la Gulu. Yeye mwenyewe alikuwa humo akicheza na kuimba, hakukaa kiti cha mbele na cheti cha mgeni rasmi. Na katika miaka hiyohiyo alikuwa akiandika Wer pa Lawino kwa Kiacholi na kuwasomea watu, wakimsikiliza na kumwambia wapi pamepinda. Sehemu moja aliitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya mkutano uliofanyika Nairobi mwaka 1965, ikapendwa, na hivyo kitabu cha Kiingereza kikatoka mwaka 1966, miaka mitatu kabla ya kile cha Kiacholi kuchapishwa. Mwandishi alikubali mwenyewe, kwa utani wake, kwamba katika kutafsiri aliyakata kidogo mabawa ya tai. Wanaosema Okot alikuwa mshairi aliyependa ngoma wamegeuza mambo. Shairi lile lilitoka katika mazoezi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo anaponisaidia kazini. Kundi letu linafanya mazoezi katika ua wa nyumba, si katika ukumbi. Mwaka jana tulikuwa tunatengeneza mchezo juu ya familia inayochimba chini ya sakafu ya chumba chao cha kulala, kama watu walivyofanya Kasulo ilipojulikana kwamba mawe yako chini ya nyumba. Maandishi ya kwanza yalikuwa kwa Kifaransa, kwa kuwa onyesho lilikuwa la chuo. Tukayageuza kwa Kiswahili cha kitabu. Bado yalikuwa yamekauka. Jirani mmoja, mama anayeuza mikate, alikuwa amekaa akitutazama. Akasimama, akamwambia mwigizaji wetu kwamba mke hamwambii mume wake hivyo saa nane za usiku, halafu akaonyesha anavyosema. Alisema banakuya, hakusema wanakuja. Alisema batoto. Na sauti aliishusha, kwa sababu jirani anasikia na jirani naye anachimba. Hilo la kushusha sauti halikuwa katika maandishi yetu yoyote. Tangu siku hiyo sehemu ile ni yake, na sisi tunaikariri kutoka kwake.

Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo wazazi wetu walilijua kwa redio na televisheni, lilifanya kazi hivyo miaka mingi: wanakubaliana kisa, wanagawana sehemu, maneno yanakuja wakati wa kucheza, kwa Kiswahili cha Katanga. Okot alikuwa upande mwingine wa maziwa, kwa lugha nyingine, na alikuwa akitafuta kitu kilekile.

Mwaka 1966 aliitwa Kampala, kwenye Kituo cha Utamaduni na Ukumbi wa Taifa wa Michezo, na punde akawa mkurugenzi wake. Lazima kuuelewa ukumbi huo na mwaka huo. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, na kwa muda mrefu ulikuwa mahali ambapo wageni waliwachezea wageni wenzao michezo ya kwao, kwa Kiingereza, na tikiti mlangoni. Ama mwaka 1966, mwezi wa tano, jeshi la serikali ya Milton Obote lilishambulia jumba la Kabaka kule Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, katiba ikabadilishwa. Okot alikuwa mtu wa kaskazini kama Obote, na sasa anapewa jukwaa la taifa katikati ya Buganda iliyojeruhiwa. Watu wangeweza kumtazama kama mtu wa serikali aliyeletwa na upepo.

Alichofanya ni kuleta Gulu mjini. Mwezi wa kumi, wakati wa sherehe za uhuru, alipanga tamasha la siku nane. Wacheza ngoma, waimbaji na wasimulizi wa Uganda waliingia mahali palipokuwa pamezoea viti vya mistari na makofi ya adabu. Fikra yake, aliyoirudia katika maandishi ya baadaye, ni kwamba jengo lenye pazia linawagawa watu mafungu mawili, wanaocheza na waliolipa, ilhali uwanjani kwao hakuna mtazamaji mtupu: asiyecheza anaitikia, asiyeitikia anapiga makofi, na asiyefanya lolote anaulizwa ana nini. Mtu huyu sasa ndiye anayeshika funguo za jengo lenye pazia. Naupenda ukinzani huo, na sidhani aliumaliza. Tamasha linakwisha baada ya siku nane. Jengo linabaki, na bajeti yake, na bodi yake, na waziri wake.

Waziri ndiye wa kuangalia. Katika Song of Lawino, iliyotoka mwaka huohuo, kuna sehemu nzima juu ya wanasiasa: Ocol yuko katika chama kimoja, ndugu yake katika kingine, hawali pamoja tena, na Lawino anauliza uhuru uliletwa kwa ajili ya nani ikiwa nyumba imepasuka. Vyama vimetajwa kwa majina, na kimoja ndicho kilichokuwa kinatawala. Kitabuni, mwanamke asiyesoma anasema hayo na wasomi wanatabasamu. Lakini aliyeyaandika sasa anakaa katika ofisi ya umma.

Mwanzoni mwa mwaka 1968 alikuwa Zambia. Aliporudi alikuta amefukuzwa. Alikuwa amekaa Kampala chini ya miaka miwili. Wanaomfahamu wameunganisha jambo hilo na ulimi wake usioogopa serikali, na mimi sioni sababu ya kutafuta mbali zaidi. Wazia tu safari yenyewe: mtu anatoka Lusaka, mji ambao kutoka kwetu ni barabara moja kupita Kasumbalesa, anafika nyumbani na mlango aliouacha wazi umefungwa. Hakuwa amepiga mtu wala kuiba fedha. Alikuwa ameongoza maonyesho.

Inanibidi niseme pia lisilomsifu. Okot alitoa uwanja kwa Lawino, lakini akamweka Lawino hapohapo uwanjani, mlinzi wa chungu na wa ngoma, huku Ocol akipewa treni, kura na kitabu. Wanafunzi wenzangu wa kike wamelisema hili katika semina na hawajajibiwa vizuri. Mama wa mikate wa uani kwetu hakuja kulinda mila. Alikuja kusahihisha uongo. Nadhani mama yake Okot alikuwa wa aina hiyo zaidi kuliko ya Lawino.

Baada ya Kampala alivuka mpaka kwenda magharibi mwa Kenya, akafanya kazi ya chuo cha Nairobi mjini Kisumu. Mtu aliyetoka kufukuzwa kwa sababu ya jukwaa angeweza kukaa kimya mwaka mmoja. Kabla mwaka 1968 haujaisha alikuwa ameanzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu. Wajaluo wa pale wana lugha iliyo dada wa Kiacholi, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa. Wimbo aliuelewa kabla ya kuelezwa.

Miaka iliyofuata naipita haraka: Iowa huko Marekani mwaka 1969, kisha Nairobi tangu mwaka 1971 kama mtafiti na mwalimu. Idi Amin alikuwa ameshika Uganda, na Okot alibaki nje miaka yote ya utawala ule. Song of Ocol ilitoka mwaka 1970. Mwaka 1971 zikaja nyimbo mbili katika jalada moja, ya mfungwa na ya malaya. Hiyo ya pili ina neno la Kiswahili kwenye jina la kitabu cha Kiingereza, na hakulitafsiri. Zote mbili ni sauti ya mtu mmoja anayesema na watu waliosimama mbele yake. Ukizisoma ukiwa umekaa unazipunguza. Tulijaribu sehemu ya mfungwa katika mazoezi, kwa Kiswahili chetu, mwigizaji akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya mzigo, na ilitubidi tuifupishe kwa sababu pumzi haikutosha. Alikusanya pia nyimbo za Waacholi, Horn of My Love, mwaka 1974, na hadithi za wanyama, mwaka 1978. Mwaka huo akaenda Ife, Nigeria.

Amin alipoanguka mwaka 1979, njia ya nyumbani ilifunguka. Makerere ilimpa kazi ya kufundisha utunzi, na alikuwa wa kwanza kupewa uprofesa wa namna hiyo pale. Kampala aliyoirudia ilikuwa mji wa risasi za usiku. Ukumbi wa Taifa ulikuwa bado umesimama, lakini mtu aliyeushika katika miaka ya Amin, Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa michezo ya Kiganda, alikuwa ameuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos na mchezo wake. Okot alinyang'anywa kazi. Aliyemfuata kwenye kiti kilekile alinyang'anywa uhai.

Okot alifundisha miezi michache tu katika uprofesa huo. Alikufa Kampala mwezi wa saba mwaka 1982, akiwa na miaka 51. Methali za Kiacholi alizokusanya zilitoka mwaka 1985, insha zake juu ya msanii kama mtawala mwaka 1986, na ile riwaya ya ujana wake, ya kijana aliyeibiwa mahari njiani, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989.